Kompyuta Inamngoja Mwenyewe

Mji wa Kale, Mombasa
10 Machi 2025

Mwanangu Ronny,

Pokea salamu za shangazi yako, na hizi ni ndefu kuliko zile za simu ya Jumapili. Kwenye simu wewe waniuliza hujambo, mimi nakujibu sijambo, kisha laini inakatika tukiwa bado tunasalimiana. Huku sote tu wazima. Baba yako yuko Wote na mbuzi wake. Tangu astaafu reli anawapanga mbuzi kama alivyokuwa akipanga mabehewa, na ole wake atakayetoka kwenye mstari. Mimi magoti yananisumbua kwenye ngazi za nyumba yetu pale Tononoka, lakini nikishashuka nimeshuka, kwenye kiofisi changu cha uchapaji nafika.

Ni Ramadhani. Mji wa Kale umelala mchana kutwa, na mimi Mkristo peke yangu kwenye kichochoro hiki nimekaa na mlango wazi nikingoja mteja ambaye hatatokea mpaka watu wafuturu. Kazi iliyopo ni kadi za harusi. Mwezi ukiandama tu watu wataoana kwa fujo, na kila kadi yataka jina la babu liandikwe bila kukosewa hata kidogo, la sivyo harusi inaanza kwa ugomvi.

Sasa jambo lililonifanya nikuandikie. Kompyuta yako inaumwa. Nasema yako kwa sababu ni yako. Siku uliyoondoka uliniambia, "Shangazi, nitunzie hii mpaka nirudi," nami nimeitunza mwaka wa sita sasa. Asubuhi naiwasha, natoka, nafagia kibaraza, nasalimiana na kichochoro kizima, narudi, bado inazungusha kile kiduara chake. Ikishaamka inapata joto mpaka siwezi kuweka kiganja. Halafu inazima. Haiagi, haionyi, inazima tu. Juzi ilizima bibi harusi akiwa na jina na bwana harusi bado.

Nikampelekea Rehan, mtoto wa Abdeali mwenye jengo hili la ofisi, anayetengeneza simu na kompyuta pale chumba cha mbele. Akaigeuza, akainusa, akasema, "Mama Ndinda, n'kwambie kweli? Hii yataka kuzikwa. Nunua nyingine." Nimemnunia mpaka leo.

Wewe ndiwe fundi wake. Niambie, tuitibu au tufanyeje?

Mimi shangazi yako,
Ndinda

*

Halifax, Kanada
16 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa kwenye mapumziko ya kazi, nikacheka peke yangu, wenzangu wakaniangalia. Mimi ni mzima. Theluji inaanza kuyeyuka na njia zote zimekuwa uji. Kazi bado ni ile ya ghala, karibu na bandari. Makontena ninayoyafungua yana majina yale yale ya meli niliyokuwa nikiyasoma Kilindini nikiwa mtoto. Bandari ipo, bahari ipo, lakini haina harufu. Sijui wameifanya nini.

Msamehe Rehan, hakukosea sana. Kompyuta ile niliinunua ikiwa tayari imetumika, na hewa ya chumvi ya Mombasa haina huruma na vyuma. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuifanyia ukarabati: kuiongezea ram, yaani kumbukumbu yake ya kazi, kuitoa ile diski ya zamani inayozunguka na kuweka ya kisasa isiyozunguka, na kubadilisha betri. Itakimbia, nakuhakikishia. Lakini nimesoma kwamba kuanzia Oktoba mfumo wake hautapewa tena masasisho ya usalama, na mashine yenyewe ni ya zamani mno kupokea mfumo mpya. Wewe unashika majina na anwani za watu, ni kitu cha kufikiriwa. Njia ya pili ni mpya. Mimi naegemea hapo. Nitakutumia, usijali.

Kwanza tujue kinachoizimisha. Fanya jaribio hili: niandikie barua ndefu bila kusimama, uone itafika wapi kabla haijazima. Andika chochote. Andika unachokiona mlangoni.

Wako,
Ronny

*

Mji wa Kale
24 Machi 2025

Mwanangu Ronny,

Salamu sana. Mpya sitaki. Hilo tulimalize kwanza.

Haya, umeniambia niandike bila kusimama, naandika. Mbele yangu, ng'ambo ya kichochoro, ni duka la Abdeali la vifungo na uzi, naye amekaa kibarazani na tasbihi, macho yamefumba, lakini paka akisogea karibu na mzigo wake anamwona. Amepita hamali na mkokoteni wa mananasi kutoka soko la Marikiti, akanisalimu, nikamwuliza hali ya mkewe, akasema ameshajifungua, wa kike. Kuna mzungu anapiga picha mlango wa kuchongwa wa jengo hili la Abdeali. Mimi nimo ndani ya mlango huo, kwa hivyo nitaonekana Ulaya nikiwa nimekunja uso. Khursheed, mke wa Abdeali, ameshaanza kukaanga sambusa za futari na harufu inateremka ngazi moja kwa moja mpaka kwenye meza yangu. Atanitumia sahani jioni, hukosi kumjua. Kila mara anauliza, "Na Ronny?" Namwambia Ronny yuaja Agosti. Maana ulisema Agosti.

Pale kwenye pembe ulipokuwa ukikaa Jumamosi na bisibisi zako sasa pana mashine ya kutoa kopi. Niliiweka kwa sababu nafasi ilikuwa tupu mno. Na bado nikiinua kichwa natarajia kukuona umeshika skrubu mdomoni, nikukaripie. Mashine ya kopi haikaripiki. Ronny, kuna jambo ambalo kwenye simu sijui kulisema, na hapa labda nitaliweza, nalo ni kwamba mimi na

*

Mji wa Kale
25 Machi 2025

Ilizima. Yaliyo juu yamebaki kwa sababu Rehan aliiwekea kujihifadhi yenyewe. Nilichotaka kusema kimepita.

Jaribio lako limekwisha, nadhani. Ilifika pale ulipoona. Ilikuwa ya moto mpaka kitambaa chake kikawa vuguvugu.

Kwa nini sitaki mpya: kwa sababu uliniambia nitunze hii. Ukinitumia mpya, basi kazi yangu ya kutunza imekwisha na wewe huna cha kurudi kutengeneza. Nimesema wazi ili usijifanye hukuelewa. Zile diski na ram zako njoo nazo Agosti uziweke kwa mkono wako.

Shangazi yako,
Ndinda

*

Halifax
2 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo, na wape Abdeali na nyumba yake Idi Mubarak kutoka kwangu, mwambie Bi Khursheed sambusa zake nazikumbuka kuliko shule.

Barua yako ya jaribio nimeisoma mara nyingi kuliko inavyohitajika kitaalamu. Ulitaka kusema nini pale ilipozima?

Lakini nina swali. Umesema "kitambaa chake." Kitambaa gani, Shangazi?

Ronny

*

Mji wa Kale
7 Aprili 2025

Mwanangu,

Salamu. Kile nilichotaka kusema nimesahau.

Kitambaa kipi, tena? Kile cha kufuma. Cheupe, chenye pindo la maua ya buluu. Nilikifuma wiki ile uliyoondoka, mikono ilikuwa haina kazi. Hukumbuki kwamba nyumbani hakuna kitu kisicho na kitambaa? Redio ina chake, makochi yana vyao, birika lina chake. Ningeiacha kompyuta yako ikae uchi juu ya meza kama ya mtu asiye na jamaa? Inakikalia kazini, jioni naizungushia chote, naiweka mkobani. Kila mwaka nakiongezea mistari kadhaa, sasa kimekuwa kinene, kizuri.

Ndinda

*

Halifax
9 Aprili 2025

Shangazi,

Nimekaa chini. Kompyuta ile inapumua kwa chini. Feni inavuta hewa kwenye vile vijitundu vya tumboni na kuitoa ubavuni. Wewe kwa upendo wote umeikalisha juu ya godoro. Miaka sita inavuta nyuzi badala ya hewa. Hakuna fundi duniani ambaye angelijua hilo mpaka aingie sebule yetu sisi Wakamba.

Kiondoe. Usikasirike. Mpe Rehan aifungue feni aisafishe, na uiweke juu ya ubao mtupu.

Nimecheka, Shangazi, kisha sikucheka tena. Nilikiona kitambaa hicho, maua ya buluu na yote, nikaiona meza, nikakuona wewe na sindano yako na miwani puani. Nimekaa hivyo mpaka msimamizi akaniita.

Ronny

*

Tononoka
5 Mei 2025

Mwanangu Ronny,

Sikukujibu mapema kwa sababu nilikasirika, ingawa ulinikataza. Sasa nimepoa. Mvua za masika zimetushika, kichochoro ni mto, na wateja wanaingia na viatu mkononi. Baba yako anasema huko Wote nyasi zimeota na mbuzi wamenenepa, ananiambia hayo kila akipiga, kisha anauliza, "Mtoto amesemaje?" Mtoto ni wewe, mwanamume wa miaka thelathini na mbili.

Rehan aliifungua mbele yangu. Alitoa nyuzi ndani ya feni, buluu na nyeupe, za kujaza mto wa mtoto mchanga. Mabega yake yalikuwa yakicheka. Akaisafisha, akapaka dawa yake ya kijivu, akaifunga. Haipati joto tena. Haijazima tangu siku hiyo. Nimetoa kadi za harusi tatu bila bwana harusi hata mmoja kupotea.

Lakini usidhani imepona. Bado ni nzito kuamka. Halafu sauti inakwama, na kitufe cha kushoto kinataka kubonyezwa mara mbili, na juzi kioo kilipepesa kama mtu mwenye kope mbaya. Rehan anasema sauti na kitufe havina neno, ni mimi ninayevitafutia ugonjwa. Akasema pia anazo ram na diski dukani, atanibadilishia mara moja. "Mama Ndinda, kazi ya kikombe cha chai." Nikamwambia aweke vitu vyake, kompyuta ina mwenyewe na mwenyewe yuaja.

Agosti si mbali. Chumba chako nimekipaka rangi, ile ya krimu, kwa sababu ya kijani ilikuwa imechubuka. Godoro nimelianika kabla ya mvua. Niandikie tarehe ili Khursheed ajue, amesema ataleta biriani na hakubali kuambiwa asubuhi ya siku yenyewe.

Shangazi yako anayekungoja,
Ndinda

*

Halifax
1 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Natumai mvua zimepungua na magoti yamepata nafuu. Huku jua limetoka na watu wanatembea nusu uchi kwa furaha, mimi bado nina sweta.

Agosti haitawezekana. Kazini wamenibadilishia zamu na kuna wenzangu wamekwenda likizo. Mungu akipenda Desemba.

Kuna dada anaitwa Terry, wa Bamburi, tunakaa naye mtaa mmoja. Anakuja kuwaona wazazi wake Julai. Nimempa kifurushi chako. Tafadhali kipokee.

Kuhusu kioo kupepesa, ukikigeuza kidogo kinatulia? Na waya wa chaja ukiugusa? Andika kwa urefu. Dalili ndogo ndizo zinazosaidia.

Ronny

*

Tononoka
20 Julai 2025

Ronny,

Salamu. Hatujambo.

Terry alikuja Jumamosi. Msichana mwenye adabu, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akala mahamri na mbaazi mpaka nikafurahi. Akatoa kifurushi. Nilidhani ni ram na diski. Ni sanduku, na juu ya sanduku kuna picha ya kompyuta mpya, nyembamba kama sahani.

Nilikuandikia Machi, mstari wa kwanza kabisa, mpya sitaki. Nikakueleza na sababu, ili usijifanye hukuelewa. Basi umeelewa, na ukatuma. Sijalifungua. Liko juu ya kabati na ukanda wake wa plastiki haujakatwa, na litakaa huko.

Nikamwuliza Terry, kwa kawaida tu, kama mtu anayeuliza habari za hewa, "Ronny ameshakata tiketi ya Desemba?" Terry akaanza kukoroga chai. Alikoroga, akakoroga, na chai ile alikuwa ameniomba nisiitie sukari. Halafu akasema, "Hayo atakwambia mwenyewe, mama." Sikumsumbua zaidi, ni mgeni wangu.

Kila Jumapili baada ya ibada watu wananiuliza habari zako, nami nazitoa. Ronny yuko salama, Ronny amepandishwa cheo, Ronny yuaja. Mtu akitaka kunitazama sana machoni nageukia mkoba. Nimechoka kuwaambia watu kitu ambacho mimi mwenyewe nakibahatisha.

Nakuuliza kama mtu mzima anavyomwuliza mtu mzima mwenzake. Unakuja au huji?

Ndinda

*

Mji wa Kale
31 Agosti 2025

Ronny,

Salamu. Sijapata jibu. Jumapili iliyopita nilikuuliza kwenye simu, ukasema hunisikii vizuri. Mimi nilikuwa nakusikia vizuri sana, hata gari lililopita nyuma yako nililisikia.

Kompyuta inafanya kazi. Kioo kimeacha kupepesa. Sauti nzima, kitufe kizima. Sina ugonjwa wa kukuandikia.

Agosti imekwisha leo. Khursheed hajauliza.

Shangazi

*

Halifax
14 Septemba 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeianza barua hii mara nyingi na kuifuta, na ya kwangu haina kisingizio cha kuzima.

Siji Desemba. Sijui nitakuja lini.

Nilikuja huku kwa viza ya masomo, hilo unalijua. Kile chuo kidogo nilichokuwa nikisoma kiliifuta kozi yetu nikiwa katikati, na ruhusa yangu ya kukaa ilikuwa imefungamana nacho. Nikaomba ruhusa nyingine. Bado wanaliangalia ombi langu, mwaka wa pili sasa. Wakati wanaliangalia naruhusiwa kukaa na kufanya kazi. Kutoka pia naruhusiwa, hakuna anayenishika. Kurudi tena huku ndiko nisikoruhusiwa. Nikipanda ndege kuja kukuona, mlango unafungwa nyuma yangu na miaka hii yote inakuwa bure.

Utaniuliza kwa nini nisirudi tu, kabisa, yaishe. Najiuliza hivyo kila nikivaa buti. Halafu nakumbuka baba alivyouza lile shamba la mtoni ili nipande ndege. Sijaweza kurudi kwake na begi la nguo. Labda ni kiburi. Naomba usinihukumu haraka.

Sikukwambia kwa sababu kila barua yako ilikuwa na chumba ndani yake. Rangi, godoro, biriani. Ningeandikaje? Nikatuma kompyuta. Nilijua maana yake, Shangazi, uliniandikia kwa maneno ya wazi. Nilitaka uache kuningoja na sikuwa na ujasiri wa kusema usiningoje. Nikaona sanduku litasema.

Na jambo jingine. Tangu barua yako ya kwanza nilijua tatizo ni joto, mtu yeyote wa kazi hii angejua. Halikuhitaji jaribio. Nilitaka barua ndefu. Nilitaka kusikia nani amepita mlangoni.

Nimewakosa. Sina namna nyingine ya kulisema. Nakukosa wewe, nakikosa kichochoro, nakosa hata kukaripiwa. Kuna siku kwenye ghala nilifungua kontena la chai kutoka nyumbani, na vumbi lake lilipotoka nilisimama pale ndani mpaka mtu akaniuliza kama naumwa.

Fanya unavyoona kuhusu hizo kompyuta mbili. Sitakushauri tena.

Mwanao,
Ronny

*

Mji wa Kale
8 Oktoba 2025

Mwanangu Ronny,

Salamu za upendo, na leo nakupa zote kabla ya jambo lolote. Baba yako ni mzima; mbuzi wake mmoja amezaa pacha na nimesikia sifa zao mpaka sikio likachoka. Habari zako sijampa. Hizo ni za kwako kumpa, na umpe karibuni, kwa sababu anapouliza "mtoto amesemaje" anauliza kwa sauti ndogo kuliko zamani. Lile shamba la mtoni usilikuze. Lilikuwa na mawe. Alipoliuza alirudi nyumbani akiimba, mimi nilikuwapo, wewe ulikuwa unafunga mizigo.

Barua yako niliisoma nikiwa ofisini, nikafunga mlango mchana, jambo ambalo sijalifanya hata siku ya mafuriko. Nimelia, sikufichi. Nililia tena Jumapili kanisani, na mhubiri akafurahi, akadhani ni mahubiri yake. Nimekukasirikia pia, kwa sababu umekaa na mzigo huo peke yako wakati mimi huku nashindana na kitufe cha kushoto. Kitufe kilikuwa kizima, Ronny. Tangu Mei kilikuwa kizima. Kama wewe ulikuwa unatafuta barua ndefu, na mimi nilikuwa natafuta sababu ya kuandika, basi tumekuwa wajinga wawili, na gharama ya ujinga wetu ni kwamba tumezungumza juu ya feni badala ya kuzungumza.

Ulitaka niache kukungoja. Hilo siwezi, na hukuwa na haki ya kuniomba, hata kwa sanduku. Lakini naweza kukungoja bila kukuvuta. Nimelifikiri kwa siku nyingi, nikienda kazini na nikirudi, nikaona kwamba kila barua yangu ilikuwa inakuvuta mkono. Mtu aliyesimama mlangoni namna hiyo havutwi, ataanguka.

Jana nilipanda kiti, nikaliteremsha sanduku, nikalileta hapa. Rehan akaukata ukanda kwa kisu cha Abdeali. Khursheed alishuka kushuhudia. Nilikaa pembeni, mikono mapajani, kama mtu ambaye mtoto wake anatahiriwa. Rehan akahamisha kila kitu kutoka ya zamani, kadi zote, barua zote, zako na zangu. Alipomaliza akaniuliza, "Mama Ndinda, hii kongwe twaifanyani?" Nikamwambia achukue vipuri vinavyomfaa. Akaniangalia, akasema, "Una hakika? Si ya Ronny?" Nikamwambia Ronny hana haja nayo tena, ana mambo mengine. Aliizima mwenyewe, kwa utaratibu, nayo ikaaga kwa ule mlio wake mdogo ambao nilikuwa nimeusahau. Nilitoka kibarazani kidogo.

Basi barua hii naiandika kwa hiyo mpya. Inaamka kabla sijaweka mkoba chini, mpaka nashindwa nifanye nini na wakati uliobaki. Nimeiweka juu ya ubao mtupu.

Usije mpaka uweze. Chumba hakina haraka. Ukipewa ruhusa yako, njoo. Ukichoka, njoo na begi lako la nguo, utanikuta.

Sasa nakuomba kitu kimoja. Rehan amenionyesha kijicho kidogo cha kamera juu ya kioo. Cha ile ya zamani kilikufa hata kabla hujaondoka, na simu yangu ni ya vitufe tu, kwa hivyo sikuwa na habari ya mambo hayo. Anasema nikikaa mbele yake Jumapili baada ya ibada, wewe utaniona na mimi nitakuona, wakati huo huo, kama watu wa meza moja. Picha ulizonitumia zote umesimama kwenye theluji na kofia imeshuka mpaka machoni. Hizo ni picha za kofia. Ronny, naogopa. Naogopa kitafunguka na nitamwona mwanamume mzima nisiyemjua, ananiita shangazi.

Kwa hivyo usijipambe. Usivae shati la kuazima, usinyoe ndevu kama zipo, na hiyo kofia uivue. Keti tu hivyo ulivyo, palipo na mwanga. Na usianze kuniuliza hujambo. Usiseme kitu kwanza. Niache nikutazame.

Mimi shangazi yako,
Ndinda